Mtu Mmoja wa Chumba cha Boila

Kijiwe chetu kina benchi moja la mbao, na benchi lenyewe si letu. Liliwekwa na mwenye dobi ya mashine kwa ajili ya wateja wanaosubiri nguo zikauke, pale West End ya Alexandria, ile ya Marekani, mabasi yanapogeuzia. Sisi hatufui, sisi tunakaa. Kahawa tunachukua kwa mama wa Kihabeshi, duka la pili, kali mpaka masikio yanazibuka. Jumamosi ninayoisema ilikuwa ya Aprili, miaka ile ambayo drafti ya mpira wa Marekani ilikuwa bado inafanyika Jumamosi mchana. Drafti, kwa asiyeijua, ni siku timu za kulipwa zinapopokezana zamu kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Televisheni ilikuwa ndani ya dobi, haina sauti, tunaitazama kupitia kioo. Sauti tuliipata kwenye redio ya teksi ya Christopher, iliyoegeshwa mbele yetu milango wazi. Redio ilikuwa inatangulia picha, kwa hiyo sisi tulishajua nani kachaguliwa wakati yeye mwenyewe kwenye televisheni bado anatetemeka na kushika mkono wa mama yake. Raha yake hiyo!

Tulikuwa wanne. Christopher, dereva teksi, tunamwita Mita, maana akianza kuongea hasimami hata gari likisimama. Kiplagat, Mkenya, anapanga makasha kwenye ghala huko Landover, karibu na uwanja mkubwa wa mpira. Huyo tunamwita Mkimbiaji. Hajawahi kukimbia hata kuliwahi basi, lakini kila Mmarekani akisikia ametoka Kenya anamuuliza habari za marathoni, basi na sisi tukampa jina. Ferdinand, Chifu, yuko idara ya ufundi katika hoteli moja Arlington. Wa nne ni mimi. Wakati huo nilikuwa nakaa kwenye kibanda cha maegesho, chini ya jengo la maofisi, napokea tiketi na kuinua kizuizi. Wananiita Mzee Tiketi. Ulikuwa mwaka wangu wa sita.

Siku hiyo Ferdinand alikuja na jambo lake. Hoteli ilikuwa inahitaji mtu mmoja wa kusaidia kwenye chumba cha boila, na bosi wake alimwambia alete jina kabla ya saa kumi jioni ile ile. Jina moja tu.

— Na ameniambia wazi, alisema Ferdinand. Nikikosea safari hii, nisimletee mtu tena maisha yangu yote. Mnamkumbuka yule bwana wa mwaka jana?

Nani angemsahau? Alijitambulisha kama injinia, tena injinia mkuu, na vyeti anavyo ila vimebaki kwenye sanduku kwa shangazi. Ferdinand akampeleka. Siku ya tatu akafungua koki akidhani anaifunga, chumba cha chini kikajaa maji na viatu vya wahudumu vikawa vinaelea ukumbini. Ferdinand aliitwa ofisini kwa ajili ya viatu visivyo vyake.

— Kwa hiyo mimi na watu wanaojisifu tumeachana, alisema.

Hapo moyo wangu ukashuka. Subirini niwaambie kwa nini.

Kijiwe chetu kina sheria moja. Ni marufuku mtu kusema "mimi nyumbani nilikuwa fulani". Atakayesema anasimama, benchi halimhusu siku hiyo. Sheria hiyo ililetwa na ugomvi. Majira ya baridi, miaka miwili kabla ya siku hiyo, Christopher alisema kule Moshi yeye alikuwa meneja wa benki. Kiplagat akamuuliza, sasa meneja mzima mbona unalala kwenye teksi ukisubiri foleni ya uwanja wa ndege? Wakashikana mashati. Christopher alitususia miezi mitatu, na redio yake. Aliporudi nikasema jamani, hapa kila mtu alikuwa mkubwa kwao, tutauana. Tuyaache yote kule kule. Wakapiga makofi. Ndiyo, sheria niliitunga mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, na nisidanganye, ilileta amani.

Ila ninyi mnaonisoma sheria haiwahusu, kwa hiyo nawaambia. Miaka ishirini na miwili nilikuwa mtu wa boila, kiwanda cha nguo, Mwanza. Nilianza kwa kufagia majivu nikamaliza nikiwa kiongozi wa zamu. Mvuke wa kupikia rangi, mvuke wa kukaushia vitambaa, wote ulipita mikononi mwangu. Kiwanda kilipofungwa nilikuwa mtu wa mwisho kuzima moto. Ile kazi ya hoteli niliitaka. Niliitaka mpaka nikajionea aibu, mtu mzima wa miaka hamsini na nne.

Nikajishughulisha na kahawa yangu.

— Chifu, jibu lako liko kwenye televisheni hapo, alisema Christopher. Tazama hao jamaa wanavyochagua. Unachukua mbichi au unachukua aliyeiva? Mimi nasema mbichi! Umpe shemeji yangu Fidelis.

Fidelis ni ndugu wa mke wa Christopher. Ana miaka ishirini na sita, mabega kama mlango, tabia njema, anafanya kazi na Kiplagat kule ghalani. Sina neno baya juu yake.

— Fidelis anajua nini kuhusu boila? aliuliza Ferdinand.

— Hajui kitu! Ndiyo uzuri wake! Mtu asiyejua kitu hana cha kukosea. Unamfundisha unavyotaka wewe.

— Hapo Mita umenena, alidakia Kiplagat. Mimi nakuambia, hawa wenye wameiva wako na maringo. Cheki timu yetu ya huko Landover. Kila saa wanaleta jina kubwa, mtu amecheza miaka kumi, magoti imeisha, anakuja kumalizia hapa kama amekuja kustaafu. Si wangechukua kijana mwenye njaa?

— Lakini huyo mwenye njaa naye, si mnakumbuka yule wa mwaka ule? alisema Ferdinand. Mrefu, anakimbia kama upepo, kila mtu anasema huyu akifundishwa itakuwa balaa. Akafundishwa. Akafundishwa tena. Mpaka leo anafundishwa.

— Alifundishwa vibaya.

— Mkimbiaji, wewe ungemfundishaje?

— Ningempeleka Iten, kwa wakimbiaji wetu, alisema Kiplagat bila kupepesa. Miezi tatu. Asubuhi anachunga ng'ombe, mlima juu, mlima chini. Hakuna simu, hakuna burger. Akirudi hapa na hiyo hewa yote kwa mapafu, nani atamshika?

— Wewe Iten umewahi kukaa?

— Nimepita na gari.

Tukacheka. Ndani ya dobi, kwenye televisheni, kijana mmoja alisimama na suti ya rangi ya zambarau, mama yake akaanza kulia.

— Haya, tazameni, alisema Christopher akinyanyuka na kuligonga kioo kwa kidole. Mnajua hawa mabosi wa timu wanakosea wapi? Wanampima kijana. Kijana hapimwi! Unampima mama! Mama akilia kabla jina halijatajwa, huyo kijana ana njaa, mchukue. Mama akitulia anatengeneza nywele, huyo kalelewa na ubwabwa wa nazi, mwache apite.

— Na mama asipokuja?

— Huyo ndiyo namba moja. Mama yuko kazini! Huyo usimwachie mtu!

— Basi mama yake Fidelis yuko wapi?

— Yuko Kibosho, hajui hata kama kuna boila duniani. Mbichi mpaka kwenye mizizi, Chifu. Nakuhakikishia.

Ferdinand hakucheka. Alikuwa anaigeuzageuza simu yake, anaifungua, anaifunga. Nilimwona amechoka. Mtu akikupa nafasi moja ya kutaja jina, na jina hilo likikosea unabaki umeaibika wewe, hiyo nafasi nayo ni mzigo.

Nikajaribu. Si nilishasema sheria inakataza kusema nilikuwa nani? Lakini kuuliza haikatazi.

— Chifu, hiyo boila yenu ni ya mvuke au ya maji moto tu?

— Ya mvuke, mzee. Ya zamani sana, inapeleka mvuke dobi na jikoni. Kwani vipi?

— Nauliza tu. Inatumia gesi?

— Gesi. Na ikikosekana gesi wanageuza mafuta.

— Maji yake mnayatia dawa?

Ferdinand alinitazama. Nilidhani amenishtukia. Niliomba anishtukie.

— Mzee Tiketi leo ana maswali, alisema Christopher. Mwacheni, anataka kujua wanaipaki wapi hiyo boila aikatie tiketi!

Wakaangua kicheko, Kiplagat akanipiga piga mgongoni. Na mimi nikacheka. Hicho ndicho kilichoniuma, kwamba na mimi nilicheka.

Mngeniuliza kwa nini sikumvuta Ferdinand pembeni nikamnong'oneza. Nilifikiria. Nilifikiria hata kwenda naye dukani kufuata kahawa. Lakini ningeanzaje? "Chifu, mimi nyumbani nilikuwa fundi wa boila." Angeviona vile viatu vinaelea. Na vyeti vyangu viko wapi? Viko Mwanza, kwa dada yangu, kwenye sanduku! Mnaona? Ukweli wangu ulikuwa na sura ile ile ya uongo wa yule bwana. Halafu kuna kiburi. Sitasema sina. Mtu aliyetunga sheria akiwa wa kwanza kuivunja, tena kwa sababu ya tumbo lake, atawatazamaje wenzake?

— Sikilizeni, alisema Ferdinand. Bosi wangu ana swali moja. Kila mtu mpya anamsimamisha mlangoni pa chumba cha boila anamuuliza, ukiingia humu, kitu cha kwanza unatazama nini? Na amesema nisimfundishe mtu jibu, maana aliyefundishwa anamjua. Sasa Fidelis atajibu nini?

— Atajibu moto, alisema Christopher. Anatazama kama moto unawaka. Boila bila moto si ni pipa tu?

— Zii, alisema Kiplagat. Mimi ningeangalia mlango. Nijue nitatokea wapi hiyo kitu ikilipuka.

— Mkimbiaji, hapo ndipo utakimbia kwa mara ya kwanza.

— Ata mbio yangu ya kwanza na ya mwisho!

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Nililisukuma chini na kahawa. Nikaungua ulimi.

Redio ikataja jina lingine. Mtangazaji akapayuka kwamba huyu kijana ameucheza mpira huu miaka miwili tu, kabla ya hapo alikuwa anatupa tufe, lakini mwili wake, jamani mwili wake! Christopher akaruka.

— Mmesikia? Miaka miwili! Alikuwa anatupa tufe! Na wamemchukua mapema hivyo, kuna watu wamecheza tangu watoto wameachwa wamekaa. Chifu, usiulize mtu anajua nini. Uliza ataweza nini. Anayejua leo, kesho amezeeka. Mimi kama ni mimi, hata rubani ningemchukua mbichi.

— Hiyo ndege panda wewe.

— Napanda! Rubani asiyejua anaogopa, na anayeogopa anakuwa makini!

— Na daktari wa kupasua je?

— Hata daktari! Akishika kisu mara ya kwanza mkono wake ni mwepesi, hajazoea kuharibu.

— Mita, wewe unahitaji kupimwa, alisema Kiplagat, lakini alikuwa anafuta machozi kwa kucheka. Mimi hata hivyo nasapoti Fidelis. Huyo kijana ni mtu poa. Anainua makasha mbili wakati sisi tunainua moja. Na hakuna mwingine. Si ati tuko na fundi hapa. Wote hapa ni mbichi tu, tumezeeka tukiwa mbichi.

Ferdinand akatazama saa. Kumi kasoro dakika ishirini.

— Basi, alisema. Kweli, hakuna mwingine. Ni Fidelis.

Sikumchukia Fidelis. Nataka mlijue hilo. Nilichofanya ni kuanza kuhesabu magari yaliyokuwa yameegeshwa, mazoea ya kibandani, moja, mbili, tatu, nisifikiri. Nilifika kumi na moja. Nikaona kama miaka yangu iliyobaki imepangwa pale, magari yanaingia, magari yanatoka, na mimi nawatakia watu siku njema kwenye kidirisha.

Ferdinand alikuwa ameshaifungua simu mlango wa dobi uliposukumwa. Akatoka Jerotich, amebeba kapu la nguo limemfika kidevuni. Ni mdogo wake mke wa Kiplagat, alikuwa na wiki tatu tu tangu afike kutoka Eldoret, na alikuwa ameshaanza mafunzo ya kuhudumia wazee majumbani. Kiplagat alikuwa anamsubiri amsindikize.

— Habari zenu wazee. Shem, zimekauka.

— Kaa kidogo, tumalizie hii drafti.

Tukasogea kumpa nafasi. Hakukaa. Aliweka kapu chini akawa anatazama televisheni kupitia kioo, macho ameyabana.

— Shem, hayo maandishi yanatokea hapo chini mtu akichaguliwa, ni ya nini?

— Hiyo ni historia yake, alisema Kiplagat. Urefu, uzito, chuo amesoma, amecheza miaka ngapi, alikuwa anacheza wapi uwanjani. Kila kitu.

— Hata huyu mnamuita mbichi?

— Hata yeye. Huyu, ona, wameandika alikuwa anatupa tufe.

— Ooh. Kwa hivyo wanajua wote walikuwa wanafanya nini. Halafu ndio wanachagua.

— Eee. Lazima.

Jerotich akageuka kwetu. Sauti yake haikuwa ya ubishi hata kidogo, aliuliza kama mtu anayeuliza basi linapita saa ngapi.

— Na nyinyi, huko ndani nimesikia mnatafuta mtu wa boila. Nani kati yenu alikuwa anafanya hiyo kazi kwao?

Christopher akajikuna kisogo, akageukia redio yake.

— Si mmeulizana? alisema Jerotich.

— Sisi hapa tuna sheria, alianza Kiplagat. Unajua, hapa haturuhusu mtu kusema vile alikuwa kwao. Ilikuwa inaleta fujo.

— Kwa hivyo hamjui.

— Hatujui.

— Na mmekaa pamoja miaka ngapi?

— Sita, alisema Ferdinand taratibu. Alikuwa ameishusha simu.

Nikasimama. Christopher akaniuliza, unakwenda wapi mzee?

— Siendi popote. Nimesimama kwa mujibu wa sheria. Nyumbani nilikuwa mtu wa boila. Miaka ishirini na miwili, kiwanda cha nguo, Mwanza. Vyeti vyangu viko kwenye sanduku kwa dada yangu, na kama mnataka kucheka chekeni.

Hawakucheka. Ferdinand alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia, na niliona kabisa anapigana na ile picha ya mafuriko.

— Mzee, alisema. Usiudhike lakini. Ukiingia kwenye chumba, kitu cha kwanza?

— Maji, nikasema. Kabla ya moto, kabla ya presha, kabla hujamsalimia mwenzako wa zamu. Unatazama kioo cha maji ujue ndani yamo kiasi gani. Na usikiamini kwa macho tu. Unafungua koki yake ya chini, maji yanashuka. Unafunga, yanapanda. Yasipopanda unazima moto, na huongezi maji hata tone, bosi akupigie kelele, hoteli nzima ikose kuoga, huongezi. Ukiyaongeza kwenye chuma kilichokauka kwa moto, wewe na hoteli mmekwisha. Nimemzika mtu aliyeongeza. Jina lake lilikuwa Zefania.

Sijui kwa nini nilimtaja Zefania. Nilikuwa sijamtaja tangu nifike Marekani. Nikatazama pembeni, kwenye teksi.

Christopher aliinama akaizima redio.

— Miaka sita, alisema Ferdinand. Mbona hukuniambia?

— Ungeniamini?

Alifikiri. Ni mtu mkweli, Ferdinand.

— Leo asubuhi? Hapana.

Kisha sote tukamtazama Christopher, maana shemeji ni shemeji, na mke alikuwa nyumbani anasubiri habari. Alikuwa anakunakuna tundu moja la benchi kwa ufunguo wa gari.

— Fidelis ataniuliza, alisema. Dada yake ndiyo usiseme, leo nalala sebuleni. Lakini Chifu, mimi sitaki viatu vielee tena. Mpeleke mzee.

Halafu naye akasimama, tumbo mbele, uso umemwiva.

— Na mimi nisimame kabisa yaishe. Sikuwa meneja wa benki. Nilikuwa kaunta namba tatu. Ila nilikuwa sikosei, mnajua? Wazee wakulima wa kahawa walikuwa wanapanga foleni yangu tu, hata ikiwa ndefu.

— Pole, Mita, alisema Kiplagat. Ule mdomo wangu ulikuwa mbaya siku hiyo. Naomba msamaha. Akanyanyuka na yeye, akaendelea. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu. Form two.

— Wewe? Hesabu? Si ndiyo maana unatubishia kila kitu!

Ikawa tumesimama wote, watu wazima wanne kando ya barabara, kama tumeitwa gwaride. Jerotich akaona benchi liko wazi, akakaa, akaanza kukunja mashuka.

Ferdinand akapiga simu. Ilikuwa imebaki kama dakika tano. Alitembea hatua mbili kwenda, mbili kurudi, akiongea kile Kiingereza chake cha kazini, kifupi, kilichonyooka. Nilisikia vipande. Ndiyo, ninaye. Hapana, si kijana. Hapana, hajifunzi, anaijua. Nilimuuliza mwenyewe. Ndiyo, alisema maji. Nilishika ukingo wa mlango wa teksi.

Akaniinulia dole gumba.

— Jumatatu saa moja asubuhi, akaninong'oneza. Wiki mbili za majaribio. Anaandika karatasi ya mlinzi wa getini.

Kisha akarudisha simu sikioni, akasikiliza swali lingine, na uso wake ukabadilika. Akafunika simu kwa kiganja. Akamtazama Christopher. Christopher akamtazama Kiplagat, Kiplagat akatazama chini. Kwenye simu zao zote tatu nimeandikwa Tiketi. Mtu mzima huku kwetu haitwi jina, anaitwa mzee, inatosha, ndiyo adabu yetu, na kwa adabu hiyo hiyo miaka sita ilikuwa imepita.

— Mzee, alisema Ferdinand, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. Nisamehe. Anauliza unaitwa nani.

Nikaichukua simu. Nikasafisha koo. Nikasema, Tobias Masalu Kasubi, langu, la baba na la babu.

Bosi akasema nirudie polepole, anaandika.

Nikarudia.